Skuli ya Chumba cha Nyuma

Al Amerat, Muscat
20 Julai 2024

Dada yangu Nunu,

Sikupigii simu, kwa sababu ukinisikia tu utajua nimelia, halafu utaniuliza, nami sitaweza kukujibu na Saud, babake Fajr, yupo sebuleni. Kuandika nnaweza. Kaa chini usome mpaka mwisho, usinikasirikie katikati.

Sisi wazima. Joto limetukausha. Mashine ya baridi ya chumba cha nyuma imekufa juzi, na chumba hicho ndicho skuli yetu: meza yake, ramani ya dunia, darubini, na vitabu nnavyomnunulia Fajr tangu ana miaka sita. Tumehamia meza ya jikoni, tunasoma kati ya vitunguu. Au niseme tulikuwa tunasoma.

Matokeo ya mitihani yake ya mtaala wa Kiingereza, ile aliyoifanya kama mtahiniwa wa nje, yametoka mazuri. Biolojia na hesabu kapata alama ya juu kabisa, kemia inayofuata. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Nikasema sasa wote wanaonisengenya kwenye harusi na matangani, kwamba Mwanamize kamfungia mtoto ndani, watapata la kunyamazia.

Jumatatu nikampeleka chuo anachokitaka, kile cha binafsi chenye masomo ya bahari. Alitupokea bwana mmoja mtu mzima, mpole. Akatazama vyeti, akasema mashallah, lakini vinataka muadala, yaani vilinganishwe rasmi na vyeti vya hapa, na muadala unataka barua ya skuli: binti kasoma wapi darasa la kumi, la kumi na moja, la kumi na mbili. Nikamwambia kasoma nyumbani. Akauliza, "Nyumbani kwa nani?" Maskini, alidhani sikumfahamu.

Kisha akampa Fajr karatasi nyeupe. "Tuandikie mistari michache ya Kiarabu, binti. Wewe nani, na kwa nini unaitaka bahari." Fajr akainama. Nikaona masikio yamemwiva. Aliandika, akafuta, akaandika. Yule bwana akaisoma, halafu akaigeuza kifudifudi mezani, taratibu, ili mimi nisiione. Lakini nilishaiona. Mistari mitatu, mwandiko wa mtoto wa darasa la pili, na irabu, vile vialama vya a na i na u, kaziweka juu na chini ya kila herufi kama Msahafu. Mtoto wa Kiomani, Nunu, baba Muomani, babu Muomani. Nilitamani yule bwana anitukane kuliko vile alivyonihurumia.

Jana wifi yangu Nouf kafanya chai kwa ajili ya mwanawe, Humam, aliyepata nafasi chuo kikuu. Wanawake wote wakaniuliza, "Na Fajr je?" Nikasema tunasubiri jibu. Saud nimemwambia hivyo hivyo. Yeye huwa kazini Duqm wiki nzima, akirudi Alkhamisi amechoka, anaamini nnachomwambia.

Sasa sikiliza. Wewe ni mwalimu mkuu. Niandikie barua kwamba Fajr alikuwa kwako Tabora, miaka mitatu ya mwisho, na muhuri wa skuli chini. Alama ni zake kwa haki, hatumwibii mtu. Ni barua tu inayokosekana. Nani atafunga safari kwenda Tabora kuuliza?

Nnakuomba, dada. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Mdogo wako,
Mwanamize


Tabora
2 Agosti 2024

Mwanamize,

Nimesoma mpaka mwisho. Hasira nimejaribu kuizuia, imenishinda, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Mwaka jana nilimwondoa karani wangu kazini kwa sababu ya muhuri huu huu unaouomba. Alimwandikia kijana mmoja kwamba amemaliza hapa, naye hakuwahi kukanyaga. Karani yule ana watoto wanne. Alinipigia magoti ofisini na sikumwonea huruma. Leo nimpigie muhuri mtoto wa mdogo wangu, halafu kesho nisimame mstarini asubuhi niwahubirie wanafunzi wasiibe mtihani? Hapana. Usiniombe tena.

Sikatai kwamba Fajr ana akili. Alipokuja likizo nilimpeleka kidato cha tano, akawaeleza vijana wangu jinsi mwezi unavyovuta maji ya bahari, na wengi wao bahari hawajaiona. Nilimwonea fahari na nikakuonea wivu, nakwambia kweli. Wewe una mwanafunzi mmoja na darubini. Mimi nina tisini darasani, wanakaa wanne kwenye dawati la watu wawili, na wapo wanaofika kidato cha pili wakiwa hawajui kusoma vizuri, mimi nikijua na nikiwapitisha. Shule si pepo. Lakini siku ile kila nilipouliza swali, Fajr alijibu kabla sijamaliza. Hakujua kunyoosha mkono. Hakujua kungoja zamu. Wenzake wakaanza kumcheka, naye hakuelewa wanacheka nini. Hayo huwezi kumfundisha mtoto chumba cha nyuma akiwa peke yake.

Nilikwambia tangu mwanzo: mpeleke shule ya jirani kama watoto wa wenzako, akasome Kiarabu cha watu wake. Ukanijibu, "Wewe dada umebaki Tabora, mambo ya huku huyajui." Niliyaweka moyoni mwangu maneno yale. Ulinunua vitabu vya Wamarekani, ukaona shule za wengine hazimtoshi mwanao. Ni kiburi, Mwanamize. Kiburi chako ndicho kilichomkalisha yule mtoto mbele ya karatasi nyeupe, na sasa unataka mimi nikifunike kwa muhuri.

Mwambie mumeo ukweli. Anza hapo.

Dada yako,
Nunu


Al Amerat
3 Agosti 2024

Dada Nunu,

Barua pepe yako imefika. Muhuri wako ubaki salama.

Kama jina lake ni kiburi, basi liwe hilo.

Fajr anakusalimu.

Mwanamize


Al Amerat
8 Septemba 2024

Khalti Nunu,

Mama hajui kama nakuandikia. Anwani yako ya barua pepe nimeichukua kwenye simu yake, samahani, na nikasoma ulichomwandikia, samahani tena. Nilitaka kukukasirikia. Lakini ya kungoja zamu ni kweli. Mpaka leo nikikumbuka lile darasa lako nahisi uso unanichoma. Nilidhani wananicheka kwa sababu ya viatu vyangu.

Barua ile ya muhuri hata mimi sikuitaka, sikujua kama ameiomba. Nimetafuta njia nyingine. Hapa Amerat kuna kituo cha masomo ya jioni kwa watu wazima ambao hawakumaliza skuli. Unafanya mitihani ya diploma, cheti cha kumaliza darasa la kumi na mbili, kama wengine wote, kwa Kiarabu. Wakinipima vizuri naanza darasa la kumi na moja. Ya'ni nitakuwa na miaka ishirini ndiyo nitafute chuo. Wenzangu darasani wengi ni kina mama. Kuna mmoja ana mjukuu. Siku ya kwanza alinitazama akasema, "Wewe mtoto mzuri hivi, umefanya kosa gani?"

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie.

Siku ya kujiandikisha walitaka mzazi awepo. Mama alikuja, kavaa abaya yake ya Iddi, kajifukiza udi. Ustadha, mwalimu wa kike wa mapokezi, akampa fomu na kalamu. Wanawake wamejaa nyuma yetu. Mama akatoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua, akaifuta tena. Nikadhani hana haraka. Mstari wa kwanza akaandika jina langu, sawa. Mstari wa pili akaandika jina lake, lote, mpaka la babu, kwa mwandiko mzuri ule wa madrasani, na irabu zake. Nikautazama mstari. Nasoma polepole, khalti, lakini ule niliusoma. Haukuuliza jina la mzazi. Uliuliza: sababu ya kutosoma skuli.

Ustadha alikuwa ameshanyoosha mkono aichukue. Sijui nilifikiri nini. Niliinyakua ile karatasi nikasema kwa sauti, kwa Kiarabu, "Samahani, mimi ndiye nimeandika, mimi sijui kusoma vizuri, nipe nyingine." Watu wakacheka. Ustadha akasema, "Ndiyo maana umekuja, habibti, hapa ndipo mahali pake." Nikajaza mpya, mama akatia saini tu.

Garini alinifinya mkono akasema nimemtia aibu, mtoto mkubwa kujitangaza mbele za watu kwamba hajui kusoma. Hakujua kama niliuona ule mstari.

Khalti, mama hajui kusoma Kiarabu? Anasoma Quran vizuri kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu. Kwenye matanga wanawake humpa juzuu yeye kwanza. Kiarabu changu chote kanifundisha yeye, kwa Msahafu, na mimi nilidhani ndicho. Sasa najua: ukiziondoa irabu, herufi ziko pale pale na wewe huwezi kuzitamka. Nimeanza kukumbuka vitu. Mkahawani husema, "Niagizie wewe." Ujumbe wa benki humwachia baba mpaka Alkhamisi. Na baba ana hadithi yake anayopenda kuwachekesha watu: alikuwa safarini, akamtuma mama aende akaniandikishe darasa la kwanza, karatasi zote zipo tayari, na aliporudi akamkuta mama amegeuka mwalimu. Nimeicheka hadithi hiyo maisha yangu yote.

Siku ile na yeye alipewa fomu, sivyo?

Nakuomba usimwambie kama najua. Wallahi, khalti, usimwambie.

Mwanao,
Fajr


Tabora
15 Septemba 2024

Mwanangu Fajr,

Huko mnasema khalti, hapa mimi ni mama yako mkubwa, na leo nimeona haya kuitwa hivyo.

Siku ya fomu ya darasa la kwanza sikuwepo, siwezi kukwambia. Ninalolijua ni hili. Tulipohamia Muscat mwaka tisini na moja, mama yako alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Tabora alikuwa wa kwanza darasani kila muhula. Shuleni huko wakampima kwa kumpa aya asome. Akasoma kama unavyomjua. Mwalimu akafurahi, akasema huyu Kiarabu anacho, akamweka na wasichana wa umri wake. Kesho yake akaambiwa asimame asome kitabu cha darasa, habari za usafi wa meno. Hakina irabu. Alisimama, akakitazama, na alipoona wanamngoja akafunga macho akaanza kusoma Suratul-Asr, kwa sababu ndicho Kiarabu alichokuwa nacho. Aliisoma yote. Darasa zima lilicheka, na mwalimu naye akashindwa kujizuia.

Hakurudi tena. Baba yetu akampeleka akasome uchapaji na Kiingereza, akafanya kazi maofisini kwa Kiingereza chake mpaka alipoolewa. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo, nikakataa kubaki, nikarudi Tabora kwa bibi kumaliza kidato cha nne. Nilimwacha peke yake huko.

Alinisimulia yote siku ile ile, tukiwa jikoni tunapeta mchele. Kwa hiyo nilijua, Fajr. Nilijua, nikasahau, na alipokuweka nyumbani nikamwita mwenye kiburi. Mimi ni mwalimu na nimekaa na watoto wa kila namna, na mdogo wangu sikumtambua. Ninaona aibu ambayo hata kukueleza siwezi.

Sitamwambia. Lakini usimhurumie sana mpaka akagundua. Mtu hugundua upesi kwamba anahurumiwa.

Mama yako mkubwa,
Nunu


Tabora
15 Septemba 2024

Mdogo wangu Mwanamize,

Nimekaa na barua niliyokuandikia mwezi uliopita na sipendi mtu aliyeiandika. Kuhusu muhuri sibadili neno. Kuhusu kiburi nimekosa, naomba uniwie radhi. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na hasira na ule wivu nilioutaja.

Kitu kimoja ninaweza kukupa ambacho si uongo. Kama siku moja chuo kitataka maoni ya mwalimu, nitaandika kwamba nimemwona Fajr akifundisha wanafunzi wangu, na kwamba aliyemfundisha yeye ni mama yake. Hilo nitalipigia muhuri mchana kweupe.

Niambie mnaendeleaje. Usininyime barua.

Nunu


Al Amerat
20 Oktoba 2024

Dada yangu Nunu,

Nimechelewa kukujibu, nilikuwa nimekununia. Sasa nimechoka kununa. Yameisha.

Fajr anasoma kituo cha jioni. Lazima umeshasikia, maana siku hizi mna siri zenu, namwona anavyoifunika simu. Saud nimemwambia ukweli wa chuo. Hakupiga kelele. Alisema, "Na mimi nilikuwa wapi?" Akaenda kuswali. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele tu.

Nnampeleka na kumrudisha. Siku ya kujiandikisha aliniudhi, alijitangaza mbele ya watu wote kwamba hajui kusoma, nikamkanya. Lakini bidii anayo. Sasa ana mchezo wake garini. Tukishuka mlima kwenda Wattaya anasoma kila bango la maduka ya magari, kwa Kiarabu, kwa sauti, na kila akimaliza ananiuliza, "Sawa, mama?" Kiingereza kipo pembeni ya bango, natupia jicho, nnamwambia sawa. Nyumbani karatasi yoyote ikiingia huinyakua yeye: ya benki, ya umeme, ya bima ya gari. Ananisomea kutoka juu mpaka chini na kunifasiria. "Sawa, mama?" Sawa. Hajawahi mtu kunisomea karatasi za nyumba hii, nimejua hata bima yetu ilikwisha tangu mwezi wa sita. Saud alisahau.

Nikikaa peke yangu nafikiri, dada. Nilimpa mengi. Anajua kukaa na kitabu mpaka akimalize, bila ya kengele wala fimbo. Tulikwenda pwani ya Bustan kila mwezi kupima maji kujaa na kupwa, akachora mwenyewe, hakuna skuli iliyompa hayo. Na rafiki hana hata mmoja wa umri wake. Siku ya kuzaliwa kwake tulikuwa watatu, mimi, babake na keki. Nilikuwa nikijiambia watoto wa siku hizi hawana maana, afadhali. Sasa anatoka darasani kafuatana na yule bibi mwenye mjukuu, wanacheka, na mimi nipo garini nnawatazama na roho inaniuma. Sijui kama ni furaha au ni wivu.

Umeniambia utaandika kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Usiandike bado.

Mdogo wako,
Mwanamize


Al Amerat
19 Januari 2025

Nunu!

Hii fupi, nna wali jikoni. Matokeo ya nusu mwaka yametoka na Fajr kafaulu Kiarabu! Kanisomea karatasi yote jana, somo kwa somo. Namba nimezisoma mwenyewe: thelathini na nane. Nikashtuka, nikamwuliza mbona ndogo. Akasema ni kati ya arubaini, nyingine zinakuja mwisho wa mwaka. Thelathini na nane kati ya arubaini, Kiarabu, huyu aliyeandika mistari mitatu!

Ijumaa Nouf na watu wake wanakuja kula kwetu. Nimeiweka karatasi kwenye bahasha mpya. Safari hii wakiniuliza "Na Fajr je?" sitasema tunasubiri.

Mwanamize


Al Amerat
2 Februari 2025

Dada yangu Nunu,

Umeniuliza mara tatu Ijumaa ilikuwaje. Nilikuwa siwezi.

Tulikuwa tumekaa kwenye busati, sinia zimeshawekwa, Nouf na mumewe na Humam, na Saud, na sisi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikashindwa kungoja. Nikaitoa bahasha nikampa Nouf, nikamwambia, "Msomee kaka yako matokeo ya mwanafunzi wangu." Nilisema mwanafunzi wangu. Fajr alikuwa anamimina maji. Nilimwona anasimama na jagi mkononi, nikadhani anaona haya ya kusifiwa.

Nouf akasoma. Akaikunja, akaniambia, "Mashallah, tule kwanza." Lakini Saud alishanyoosha mkono, na yeye husoma kwa sauti, ndiyo tabia yake. Hesabu, kafaulu. Biolojia, kafaulu. Lugha ya Kiarabu, thelathini na nane kati ya mia. "Rasib."

Neno hilo nalijua kwa masikio, dada. Hakuna mama wa Muscat asiyelijua. Amefeli.

Fajr akaweka jagi chini akaenda chumbani. Saud akanigeukia mbele ya wageni, hakuwa na ubaya, kashangaa tu: "Wewe si uliniambia kafaulu? Hukuisoma?" Nilikuwa na tonge mkononi, nikawa nalitazama. Na Nouf, huyu Nouf nnayemkimbia miaka yote, akadakia, "Hizi karatasi zao zimechapwa ovyo, na mimi zilinichanganya." Akanisogezea sahani ya achari. Alikuwa ameshafahamu. Wote wawili tulijua kwamba ameshafahamu.

Usidhani kilichonikata maini ni kufeli. Kufeli kutapita, atarudia. Nilikatika maini walipoondoka, nnaosha sinia, nikaanza kupiga hesabu. Mtoto huyu hajawahi kunidanganya alama hata moja, nimemsahihishia mimi tangu ana miaka sita. Angewezaje kunishikia karatasi mbele ya macho yangu na kunisomea kisichokuwemo? Asingethubutu, ila awe anajua kwamba sitaona. Basi anajua. Na kama anajua, ule mchezo wa mabango haukuwa mchezo, na karatasi za benki hazikuwa mazoezi yake. Na siku ya kujiandikisha. Nunu, nilimfinya mkono siku ile.

Na mimi nikamjibu "sawa" kila mara. Nimemfundisha hivyo, kwamba mtu asipojua aseme sawa. Ndivyo na yeye alivyoniambia alipofeli.

Alipotoka chumbani macho yamemvimba alianza, "Mama, nilitaka—" nikamwambia aende garini. Tukashuka, sikujua nakwenda wapi, nikasimamisha pembeni tulipoufikia uwanja wa magari Wattaya. Nikamwekea ile karatasi mapajani. Nikamwambia nisomee tena. Akanisomea yote, safari hii ilivyo, mpaka rasib. Akalia. Halafu akaniuliza, nadhani ni mazoea tu, ulimi ulimponyoka: "Sawa, mama?"

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Mimi hizi sizijui kusoma."

Hakushtuka, wala hakuniambia kwamba anajua. Alifuta pua kwa shela yake kama mtoto. Nikamwuliza neno lenyewe liko wapi, akalionyesha kwa kidole. Herufi nne. Nikazitaja moja moja, hizo nnazijua tangu Tabora: ra, alifu, sin, ba. "Sasa hapo hamna irabu," nikamwambia, "wewe unajuaje ni rasib?" Akasema, "Hujui, mama. Unakisia, halafu unasoma lililo pembeni yake." Tukakaa pale, watu wanapita kutazama magari, mimi nakisia maneno ya pembeni yake. Nilikosea mara mbili, akanicheka, na mimi nikacheka, na bado nilikuwa naona haya.

Rasib ni neno la kwanza la Kiarabu nililolisoma mwenyewe bila irabu, dada, nikiwa na miaka arubaini na sita, na lilikuwa amefeli.

Ile barua yako ya kwamba mimi ndiye niliyemfundisha, iandike.

Mwanamize